Viganja Viwili Chini ya Boti

Iko siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na sijawahi kumsimulia mtu ambaye hakuwepo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, naendesha pikapu ya baba kutoka Rongai kuja Kamere, ufuoni mwa ziwa, na nyuma yangu juu ya treila kulikuwa na boti. Ndani ya boti alikuwa amelala kaka yangu Karanja, baba yako. Nusura nimuue.

Nimeanzia mwisho makusudi. Jana ulinitumia picha kwenye simu, picha ya treila uliyonunua Nakuru, na chini yake ukamwandikia shangazi yako, "Tata, si umeona tairi? Ni mpya kabisa, hata nywele hazijaisha." Nikaikuza picha kwa vidole viwili, vile mlinifunza. Ni kweli. Vile vinywele vya mpira ambavyo husimama kwenye tairi isiyotembea vilikuwa pale, na meno yake yalikuwa marefu. Nikaweka simu mezani nikatoka nje nikasimama. Nyinyi vijana mkiona mzee amesimama nje mnadhani anaangalia ng'ombe. Mimi nilikuwa naiona ile treila ya baba. Ndiyo maana nimekuita hapa Ndabibi leo, kwa sababu Jumamosi unaenda kuvuta boti yako ya watalii kuileta ziwani, na kuna jambo ambalo lazima ulijue kabla hujawasha gari. Kunywa chai. Ikipoa utaongezewa.

Ile boti yetu, guka yako, baba yangu, aliinunua kwenye shamba moja la zamani la mzungu huko Rongai. Mzungu alikuwa ameshaondoka miaka mingi, na waliochukua shamba waliikuta ghalani, katikati ya magunia ya mahindi, wakaiacha hapo hapo. Hebu fikiria boti ya mbao, ndefu kuliko sebule hii, mahali ambapo maji makubwa zaidi ni birika la kunywesha ng'ombe. Walipofungua mlango wa ghala na jua likaiangukia, niliisogelea. Mbao zake zilikuwa zimekunjwa taratibu na mtu aliyejua kazi yake, zimekaliana bila hata nafasi ya kupitisha wembe. Niliipapasa ubavuni kutoka mbele mpaka nyuma na sikupata mahali mkono ulipokwama. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na mimi nilikuwa nimelisema neno hilo shuleni mara nyingi kama kasuku. Siku hiyo ndipo nililiona kwa macho.

Walikuja wanaume kumi na wawili wa shamba kuinyanyua. Ikawashinda. Wakaenda kuita wengine. Hapo ndipo ningepaswa kujiuliza, kitu kilichowashinda wanaume kumi na wawili wanaobeba magunia kila siku, kitabebwa na nini mpaka Kamere? Sikujiuliza. Nilikuwa nimeshikwa na uzuri wake.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana kosa langu halikuanzia Rongai, lilianzia hapa nyumbani. Treila yetu ilikuwa imesimama nyuma ya zizi miaka kadhaa, ikingoja boti ambayo baba alikuwa bado anaiota. Ilisimama juani, kiangazi na masika, tairi zikiwa zimegusa udongo mahali pale pale. Asubuhi tukiondoka baba aliniambia jambo moja tu: "Mpite kwa Jaswant pale Gilgil, aziangalie hizo tairi." Jaswant alikuwa Kalasinga mzee, fundi wa tairi, rafiki ya baba tangu sijazaliwa. Nilijibu ndiyo kwa mdomo, na moyoni nikasema siendi. Wakati huo hakukuwa na msichana mwingine upande huu wa ziwa aliyeendesha gari la kuvuta treila, na sikutaka kufika kwa mzee kama mtoto anayepelekwa zahanati kuchanjwa. Nikazunguka treila, nikapiga kila tairi teke kama nilivyoona madereva wakifanya, nikaona meno marefu na nywele zake, nikasema ziko sawa. Nakuambia leo, mwanangu, teke halijawahi kumwambia mtu chochote kuhusu tairi. Linamwambia tu kama kiatu chake ni kizuri.

Kwenda Rongai treila ilikuwa tupu. Ilirukaruka nyuma yetu vizuri, na tulipita Gilgil bila hata kupunguza mwendo. Nilijiona dereva. Treila tupu ni kama mgeni siku ya kwanza, huwezi kujua tabia yake.

Kule shambani mvua ilikuwa imenyesha. Boti ilipokaa juu ya treila, magurudumu yakazama uani. Watu wakaanza kutafuta ng'ombe wa kuvuta. Mimi nikafanya kile ambacho sisi watu wa Kamere hukifanya kila siku pale ufuoni kwenye tope: nikapunguza upepo kwenye tairi. Tairi ikilegea hutanuka chini, hushika matope, na gari hutoka. Ni ujanja mzuri na sitasema uongo kwamba si mzuri. Watu wa Rongai hawakuujua. Treila ilipotoka walipiga makofi, na mzee mmoja akauliza, "Kwani huyu msichana alisomea wapi?" Sifa hizo zikaniingia kichwani kama pombe ya muratina.

Sasa tofauti ni hii. Kamere ukishapunguza upepo, unavuta boti hatua chache tu mpaka penye pampu, unajaza tena, basi. Mimi nilikuwa na safari ya kuvuka Nakuru yote, na pampu nilikuwa nimeiacha hapa Ndabibi. Nikajiambia nitajaza nikifika mjini.

Karanja akapanda ndani ya boti. Ilikuwa desturi yetu, boti ikivutwa mtu mmoja hukaa ndani kuangalia kamba zisilegee, na hakuna aliyewahi kutuambia ni ujinga. Alikuwa amemchumbia mama yako mwezi huo huo, na kazi yake siku hizo ilikuwa kutabasamu na kulala. Akajifunika turubai, akaweka koti chini ya kichwa, na kabla hatujashika lami alikuwa hayuko duniani.

Nakuru, pale penye kompresa ya kujazia upepo, palikuwa na foleni ya malori ya nafaka. Nikaangalia foleni, nikaangalia jua, nikaendelea na safari. Haraka haraka haina baraka, lakini wakati ule nilidhani methali ni za watu wasio na gari. Tulipopita Elementaita nikahisi pikapu inavutwa mkia, kushoto, kulia, polepole. Nikadhani ni upepo wa bondeni. Kisha nikasikia harufu ya mpira, nikafunga dirisha. Naam, umesikia vizuri. Nilifunga dirisha.

Gilgil pia ningepita. Lakini katikati ya lami alikuwa amesimama mzee mwenye kilemba cha buluu, mikono yote miwili juu, na hata mtu mwenye kiburi kama changu hawezi kumgonga rafiki ya baba yake. Baadaye nilikuja kujua kwamba baba alikuwa amemtumia ujumbe asubuhi kupitia kwa dereva wa lori la maziwa: binti yangu atajifanya hakuoni, msimamishe. Mzazi anakujua, mwanangu. Usijisumbue kumficha.

Jaswant hakunisalimia. Alienda moja kwa moja kwenye gurudumu la kushoto, akaweka kiganja juu ya tairi vile mama anavyogusa paji la uso la mtoto mwenye homa. Akakiondoa haraka, akakipuliza.

"Nani yuko ndani?" akauliza.

"Kaka yangu. Amelala."

"Mwamshe polepole. Ashukie upande wa kulia. Asiruke."

Karanja akatokeza kichwa, nywele zimejaa vumbi la ghala. "Sasa, mzee. Tumefika?" Nikamwonyesha upande wa kulia kwa kidole. Akashuka akiangalia uso wangu, na kile alichokiona kikamfanya asiulize tena.

Mzee akaingiza magogo chini ya boti, akapiga jeki, akafungua gurudumu. Alikuwa na miaka kama sabini, na aliitoa ile tairi kwenye rimu kwa vyuma viwili na mikono yake, bila kuhema. Kisha akatandaza gazeti chini, akaiinamisha tairi. Ukamwagika unga mweusi. Unga laini kabisa, kama wa wimbi uliosagwa mara mbili, ukajaa kiganja kizima, na alipoitikisa ukamwagika mwingine.

"Tairi yako mpya hiyo," akasema. "Imejila yenyewe kutoka ndani."

Akaigeuza. Upande ule unaotazama springi, upande ambao sikuwahi hata kuinama kuuangalia, palikuwa na uvimbe mkubwa kama ngumi. Pembeni mwa meno marefu niliyoyasifu, mpira ulikuwa umepasukapasuka vipande vidogo kama tope la ufuoni wakati wa kiangazi. Akaniinamisha kichwa nisome tarakimu tatu zilizochapwa ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, ya mwisho ni mwaka ambao tairi ilitengenezwa; siku hizi huwa nne, na mbili za mwisho ndizo mwaka. Nilihesabu. Ilitengenezwa nikiwa bado darasa la saba.

"Ya gari hufa kwa kutembea," Jaswant akasema. "Ya treila hufa kwa kusimama. Jua linaikula, wewe unaangalia meno." Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Halafu akaniuliza swali ambalo nililijua linakuja. "Na upepo?"

Nikamwambia niliupunguza.

"Wapi?"

"Rongai."

"Tangu Rongai?"

"Tangu Rongai, mzee."

Akakaa kwenye kigoda chake. Tairi isiyo na upepo, akanieleza baadaye, hukunjika na kukunjuka kila inapozunguka, na mpira ukikunjwa hivyo hupata moto, na moto huo ndio uliokuwa ukiisaga ile tairi kuwa unga huku mimi nimefunga dirisha. Ni bahati tu haikupasuka pale mteremkoni, ambapo treila ingeyumba na kuanguka na boti yake na mtu wake. Karanja alichukua unga kidogo kwenye gazeti, akausugua kwa vidole, akaurudisha taratibu.

Mzee akatuwekea tairi mbili nzito, zile zinazoandikwa kuwa ni za mzigo, akazijaza upepo mpaka kipimo kilichochapwa ubavuni mwake, si kile cha kukisia. Nikafikiri tumemaliza. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Alipaka moja oili chafu chini, akalaza karatasi kwenye sakafu ya saruji, akashusha jeki mpaka boti ikakaa na uzito wake wote, kisha akainyanyua tena. Kwenye karatasi palibaki alama nyeusi ya duara.

"Weka mkono."

Nikaweka. Kiganja changu na vidole vyangu viliifunika alama yote.

"Kulia kimoja kama hicho," akasema, "na kushoto kimoja. Hivyo ndivyo vinavyogusa barabara."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine, binti."

Sijui nikueleze vipi, mwanangu. Nimeona mambo mengi. Nimeona ziwa hili likipanda mpaka likameza nyua na barabara tulizopitia shuleni. Nimeona viboko wakilala kwenye mashamba ya maua. Lakini sijawahi kushangaa kama nilivyoshangaa nimechutama kwenye sakafu ile ya Gilgil, mkono wangu mchafu kwa oili. Boti iliyowashinda wanaume kumi na wawili, na kaka yangu ndani yake, na ndoto ya baba, vyote vilikuwa vimesimama juu ya viganja viwili. Na mzee akaniongezea la kunimaliza. Akasema hata huo mpira haubebi kitu, mpira ni gunia tu. Kinachobeba ni upepo uliomo ndani. Kile kile nilichokimwaga Rongai watu wakinipigia makofi. Mimi ni mtu wa kanisa, na nilikumbuka kwamba Mungu alipomaliza kumfinyanga Adamu, alikuwa bado ni udongo tu mpaka alipompulizia pumzi. Nililitazama gurudumu lile kwa heshima ambayo sijawahi kuipunguza.

"Sasa panda," Jaswant akasema. "Lala pale alipolala kaka yako."

Nilidhani ananitania. Uso wake haukuwa wa utani. Nikapanda, nikalala juu ya turubai, kichwa kwenye koti la Karanja. Nikaona anga. Boti ilikuwa kimya na nzuri, na chini ya sikio langu, ng'ambo ya ubao mmoja, kulikuwa na gurudumu la kushoto. Umbali wa shubiri moja. Nikamsikia mzee amesimama kando yangu.

"Ukiwa umelala hivyo hivyo niambie," akasema. "Ungetaka nani awe anashika usukani?"

Nikatafuta jibu ambalo mimi ningekuwemo, sikulipata. Nililia pale ndani mpaka koti likalowa, na Jaswant hakunipa leso wala kuniambia pole. Alienda kunawa mikono. Aliporudi alisema neno moja la mwisho: "Mimi sitamwambia baba yako. Utamwambia wewe."

Njiani nilimwambia Karanja kuhusu foleni na dirisha, na tulifika Kamere jioni jua bado lipo. Mama yako alikuwa ufuoni na kapu la mandazi, na alipomwona Karanja anashuka kwenye pikapu, kwa maana Jaswant alimkataza kabisa kupanda kwenye boti tena, alicheka akamwuliza tangu lini amekuwa bwana mkubwa wa kukaa mbele. Nilimwangalia akicheka, na nilijua vizuri kabisa ningekuwa nimemletea nini badala ya mchumba.

Baba akaizunguka boti mara mbili. Kisha akachuchumaa, akaweka mkono kwenye tairi mpya, akaniangalia. Alikuwa ananipa nafasi. Mdomo wangu ulifunguka, na kabla sijasema, Karanja akadakia, "Jaswant alisema zile zilikuwa zimezeeka, akazibadilisha." Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli. Baba akasema, "Sawa." Sikusema kuhusu upepo. Sikusema kuhusu foleni ya Nakuru, wala dirisha. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila mara tukitoa boti alikuwa akigusa zile tairi na kuniangalia kidogo, na kila mara mimi nilikuwa nikianza kufunga kamba. Tulimzika hajasikia. Tairi mbovu niliitoa pale Gilgil, lakini hili nimetembea nalo mpaka leo.

Basi nisikilize sasa, kwa maana ndilo nililokuitia. Usinunue tairi kwa kuangalia meno wala nywele. Soma zile tarakimu nne, na ikiwa tairi ina zaidi ya miaka mitano au sita, hata kama haijawahi kugusa lami, mwachie muuzaji na urembo wake. Soma pia uzito ambao inaweza kubeba, upime na boti yako ikiwa na injini, mafuta na kila kitu ndani, na ubakishe nafasi. Usikubali mtu akuwekee zile zilizochoka kwenye gari dogo ati treila haina haja ya nzuri. Jaza upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kipimo, na ukiupunguza kwenye tope la Kamere usiende hata hatua mia kabla ya kuurudisha. Pampu ikae kwenye gari, siyo nyumbani. Spea pia, na jeki inayoingia chini ya treila hiyo, maana jeki ya pikapu mara nyingi haifiki. Chutama uangalie upande wa ndani. Kila unaposimama njiani, ziguse kwa mkono, tairi na kitovu cha gurudumu, na ukikuta kimoja kina joto kuliko mwenzake, usiondoke. Ukifika ziwani usirudishe treila majini kabla haijapoa, beringi za moto zikiingia maji baridi huyanywa na grisi huharibika. Na treila ikikaa, iwekee magogo chini, uinue magurudumu, uyafunike jua lisiyaone. Watu watakucheka. Mimi wananicheka mpaka leo.

Na hakuna mtu atakayepanda ndani ya boti ikiwa barabarani. Baba yako atakwambia ni desturi, na atakuwa ameshabeba koti la kulalia. Mkatalie mbele ya watu. Akikasirika mlete kwangu.

La mwisho si la tairi. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, mbele ya yule aliyekuamini, hata kama mwenye huruma amekudakia maneno. Nilipewa nafasi mara nyingi na mtu aliyenipenda, nikazipoteza zote nikifunga kamba. Ukifika nyumbani mwambie baba yako nimekusimulia yote, na dirisha nimelitaja. Amenibebea siri hii tangu ujana wetu na hajawahi kunikumbusha hata kwa utani. Mwambie dada yake amesema anaweza kuiweka chini sasa.

Sogea karibu nikutemee mate kifuani vile shosho, nyanya yangu, alivyonibariki. Mungu akutangulie kwenye kila mteremko, mwanangu, akushikie kile usichoweza kukiona, na wote unaowapakia wafike wakiwa wanacheka. Nenda salama. Na Jumamosi ukishaishusha hiyo boti majini, nipigie simu kabla hujanywa hata chai.